Kuhariri video huku rekodi ikiendelea: majibu kwa maswali yenu

Mwalimu, narekodi kwenye kompyuta mkutano unaochukua muda wa saa nne, na waandaaji wanataka muhtasari wa video kabla watu hawajatawanyika. Nikifungua faili kabla sijasimamisha rekodi, programu ya kuhariri inagoma na kusema imeharibika. Imeharibika kweli?

Haijaharibika, bado haijakamilika tu. Faili za video za aina ya MP4 na MOV za kawaida hubeba ndani yake fahirisi iitwayo moov, inayoeleza kila fremu, yaani kila picha moja ya video, iko wapi, ina ukubwa gani na ionekane lini. Fahirisi hiyo huandikwa mwisho, ukishasimamisha rekodi. Kabla ya hapo picha na sauti zimo diskini, ila programu haina pa kuanzia kuzisoma. Ndiyo maana umeme ukikatika katikati ya rekodi, faili nzima haifunguki hata kama imeshafika gigabaiti 20. Mimi niliwahi kupoteza saa mbili za kazi ya mtu kwa njia hiyo, na tangu siku ile huamua aina ya faili kabla hata sijachomeka kamera.

Basi nirekodi kwa aina gani?

Katika vituo vya televisheni jibu la miaka mingi ni aina ya faili iitwayo MXF, iliyosanifiwa mwaka 2004 na SMPTE, chama cha wahandisi wa filamu na televisheni. Faili yake inaweza kugawanywa vipande, na fahirisi ikaandikwa kidogo kidogo kadiri rekodi inavyosonga, hivyo mhariri husoma yaliyokwisha kuandikwa bila kusubiri mwisho. Aina nyingine, MPEG-TS, nayo hufaa. Imejengwa kwa pakiti ndogo za baiti 188 kwa ajili ya matangazo ya hewani, ambako mtazamaji hufungua runinga wakati wowote na picha lazima ije.

Kama unatumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi, faili ya aina ya MKV ni salama hata kompyuta ikizimika ghafla, ingawa si kila programu ya kuhariri huipokea. Toleo la 30.2 la OBS, la mwaka 2024, lilileta MP4 mseto: wakati wa kurekodi huandikwa vipande vipande, na ukisimamisha inageuka MP4 ya kawaida. Kwa usalama wa rekodi naipenda sana. Lakini faili kusomeka ni jambo moja, na programu ya kuhariri kutambua kwamba faili inazidi kurefuka ni jambo jingine. Fanyeni jaribio la dakika kumi kabla ya siku ya kazi.

Nimeingiza faili kwenye programu ya kuhariri ya Premiere Pro ikiwa na dakika tano. Rekodi sasa ina dakika ishirini, lakini klipu imebaki na zile tano. Nifanye nini?

Kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya Media, kuna chaguo la kusasisha faili zinazokua, na unaweka wewe kila baada ya sekunde ngapi. Chaguo hilo halifanyi kazi kwa kila aina ya faili. Likishindikana, tumia ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri, kutengeneza nakala ya kilichokwisha kurekodiwa, kwa amri yenye "-c copy". Video haibanwi upya, kwa hiyo ubora haupungui na kazi huisha upesi. Hii inawezekana kwa MKV na MPEG-TS. Hariri ile nakala. Rekodi ikimalizika, elekeza klipu zako zisome faili kamili badala ya nakala. Kwa kuwa zote mbili zinaanzia fremu moja, mikato yako itabaki mahali pake.

Nikianza kuhariri, rekodi inaruka fremu. Tatizo ni diski?

Huenda, ila usiilaumu kabla ya kupiga hesabu. Rekodi ya megabiti 50 kwa sekunde huandika megabaiti 6.25 tu kila sekunde, sawa na gigabaiti 22.5 kwa saa. Mtandao wa kebo wa gigabiti moja una nafasi ya hadi megabaiti 125 kwa sekunde. Kinachoumiza ni diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake hukimbia huku na kule kuandika hapa na kusoma pale, au prosesa inayobana video ya rekodi huku ikitengeneza picha za taimlaini yako, ule mstari unaopangia klipu.

Tenganisha kazi hizo. Kompyuta moja irekodi na isiguswe, nyingine ihariri kupitia mtandao wa kebo, tena ikiwa na ruhusa ya kusoma faili tu, si kuzibadilisha. Mkato unaweza kuurudia kesho, lakini hotuba iliyokwisha kutolewa hairudi. Kama kompyuta ni moja tu, usianze kutengeneza humo faili ya video iliyokamilika (export) mpaka rekodi isimame.

Naweza kuhariri moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera inayorekodi?

Hapana. Toa picha kwenye kamera kwa kebo ya video ya HDMI au SDI, urekodi nakala ya pili kwenye kompyuta, na uhariri hiyo. Kadi ibaki kuwa akiba.

Umeme ulikatika na MP4 yangu haifunguki. Ndiyo basi?

Pole sana. Usirekodi kitu kingine kwenye diski hiyo, na ufanye nakala ya faili kabla ya kujaribu lolote. Kisha rekodi klipu fupi kwenye diski nyingine kwa kifaa kilekile na mipangilio ileile, uisimamishe vizuri. Programu ya bure iitwayo untrunc huitumia klipu isiyo na hitilafu kama hiyo kujenga upya fahirisi ya faili iliyokatika. Mara nyingi hufaulu. Ukiona sauti na picha zinapishana, angalia kwanza kama klipu ya mfano ina kasi ileile ya fremu.