Ukitaka Kulala Garini Pwani, Muulize Mwezi

Msomaji mmoja wa Nakuru ameniandikia: "Kaka, nimeona ile picha ya gari lenu ufukweni Mambrui, watoto wamekaa juu ya keria. Nami nataka kuwaleta wangu Desemba. Nianzie wapi?"

Ujumbe huo nimekaa nao siku tatu. Picha aliyoipenda niliipiga saa tano asubuhi. Ya saa kumi alasiri sikuiweka. Hiyo aliipiga mke wangu, akicheka huku analia.

Kwanza gari lenyewe. Ilikuwa matatu ya hayasi, ikipiga Malindi–Mombasa mpaka ikachoka. Nikang'oa viti, fundi akanitengenezea kitanda cha mbao, kabati na meza ya kukunja, nikafunga mtungi wa gesi wa kilo 6. Watoto wakaiita Konokono. Shemeji yangu alikuja kuitazama, akaizunguka mara mbili, akasema mbele za wageni: "Matatu ni matatu, hata ukiipaka hina." Neno hilo halijanitoka. Nusu ya safari ile niliifunga kwa ajili yake.

Tulivuka daraja la Sabaki, kaskazini mwa Malindi, tarehe 28 Desemba. Mambrui tulikuta maji yamekupwa mbali, mchanga mgumu kama saruji. Nikateremsha Konokono hadi karibu na mwani, ili picha itoke vizuri. Mzee mmoja aliyekuwa akishona jarife, wavu wa samaki wakubwa, aliinua macho: "Mwanangu, leo kumi na tano."

Nikamsahihisha kwa adabu. "La, mzee, leo ishirini na nane."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye sindano yake.

Kumi na tano ya mwezi wa angani, ndugu yangu! Mwezi mpevu, bamvua. Mimi mzaliwa wa Malindi, mjukuu wa mvuvi, nimesahau kwamba mwezi ukiandama au ukipevuka bahari hukupwa mbali, kisha hurudi na kupanda kupita kawaida. Pwani yetu tofauti hiyo hufika kama mita 4. Tulikula, tukajinyoosha. Saa tisa u nusu binti yangu mdogo akaniamsha: "Baba, Konokono anaoga."

Ilichukua vijana wanane, kamba ya mashua na makuti chini ya tairi, na yule mzee akiamuru bila kupandisha sauti. Hakunikumbusha tarehe. Afadhali angenitukana. Gari lilitoka, lakini wimbi lilikuwa limeshapita mlango wa nyuma: unga, sukari, godoro, vyote chumvi.

Basi hatukuwa na cha kupika, na hiyo ndiyo bahati yetu. Usiku ule tulikula kwa mzee, wali wa nazi na changu wa kupaka, tui limekaukia juu ya mkaa hadi likashika ngozi. Wanangu, ambao nyumbani samaki humchezea kwa uma, walilamba miiba.

Kesho yake Ngomeni tulimkuta mama karanga, mwanamke anayekaanga samaki na kuuza. Anamchanja samaki mara tatu kila ubavu, anamsugua chumvi, manjano na ndimu mpaka vidole vyake vimegeuka rangi. Kisha anazamisha mkia peke yake kwenye mafuta. Mkia ukilia, samaki mzima anaingia. Ukinyamaza, anaongeza kuni. Nilikuwa nikimwonyesha mwanangu mitambo ya Waitaliano kule majini, ilikorushwa setilaiti iitwayo Uhuru tarehe 12 Desemba 1970. Akaniambia, "Subiri, baba, mkia."

Kwa hiyo, ndugu wa Nakuru, usibebe chakula. Beba maji, kamba na mbao mbili za kuwekea tairi. Kabla hujaegesha, omba ruhusa, na ukishapewa, uliza maji yatafika wapi. Uliza wavuvi, simu haijui. Na nimeshasema, chakula usibebe. Wazazi wa siku hizi tunawafungia watoto dunia ndani ya sanduku la barafu: soseji kutoka mjini, juisi kutoka mjini, hata maji ya kunywa yana jina la mlima. Mtoto anafika Ngomeni na kurudi bila kujua tafi na changu ni samaki wawili tofauti. Hiyo si safari, ni kuhamisha jokofu.

Ukitaka kufika Lamu, pita Garsen na Witu mchana, si usiku, na uulize polisi hali ya barabara kabla ya kuondoka. Gari litabaki Mokowe, upande wa bara. Ng'ambo ni mashua, punda na miguu yako. Sisi tulimwacha Konokono hapo, binti akampungia kwaheri mpaka gati likapotea machoni.

Juzi shemeji amenipigia. Anataka kuazima gari likizo ya Agosti, awapeleke wanawe Mambrui. Nimemwambia anitajie siku, lakini ya mwezi wa angani, si ya kalenda ya ukutani. Hajanijibu.