Kashata bado zipo, lakini tairi limekwisha?

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina pikipiki aina ya Honda CB750 ya mwaka 1974 niliyoachiwa na marehemu baba. Huitoa siku za Jumapili tu, mara nyingi kutoka Tanga hadi Muheza na kurudi, na mara mojamoja kupanda Lushoto. Tairi la nyuma nililifunga mwaka 2019 na limekwenda kilomita 6,000 tu. Kashata zake bado ni nene, na gereji ninayoitumia imenihakikishia kwamba lina miaka mingine mitano. Hata hivyo, barabara ikilowa, gurudumu la nyuma huteleza ninapotoka kwenye kona, na tairi la mbele nalo limeanza kuvuma. Nitajuaje kama tairi limekwisha, na linapaswa kwenda kilomita ngapi? Ubavuni mwa la nyuma pameandikwa tarakimu 1114.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Nianze na hizo tarakimu ulizozitaja mwishoni kama nyongeza, kwa maana ndizo zinazojibu sehemu kubwa ya swali lako. Mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka: tairi lako lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2014, yaani mwezi Machi. Siku unalifunga ukidhani ni jipya, lilikuwa limekwisha kukaa stoo miaka mitano, na sasa limevuka miaka kumi, ambayo watengenezaji wengi huitaja kuwa kikomo hata kwa tairi lisilotembea. (Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, hapo usipime chochote, livue.)

Gereji yako haikukudanganya kuhusu kashata, ila ilijibu swali jingine. Mpira huzeeka kwa hewa, joto na jua, ukapoteza ulaini unaouwezesha kushika lami, hasa lami iliyolowa. Tena tairi linalolala wiki nzima huzeeka vibaya zaidi, kwa sababu zile nta na dawa za kuukinga mpira zilizochanganywa ndani yake hujitokeza juu pale tairi linapojikunja na kujikunjua barabarani. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, uzungushe gurudumu polepole juani na utazame chini kabisa ya mifereji, kisha pale tairi linapokutana na ringi. Nyufa nyembamba kama nywele huanzia huko. Halafu bonyeza kashata kwa ukucha wa dole gumba: mpira ulio hai huingia kidogo na kurudi, uliokufa hukataa kama kisigino cha kiatu cha zamani. Kipimo hicho si cha maabara, lakini nakiamini kuliko kauli ya mtu aliyetazama tairi akiwa amesimama wima.

Kuhusu kilomita, hakuna idadi moja ninayoweza kukupa, kwa kuwa uzito, mwendo, lami na upepo hutofautiana. Unaweza, hata hivyo, kuikokotoa mwenyewe. Tuseme kashata za katikati zilikuwa milimita 7 zikiwa mpya na sasa ni 4.6. Umepoteza 2.4 kwa kilomita 6,000, sawa na 0.4 kwa kila kilomita 1,000. Vile vivimbe vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, ambavyo kwa pikipiki huwa na kimo cha milimita 0.8 hivi, ndivyo alama ya mwisho kabisa, ila mimi huvua zikibaki 2 kwa ajili ya mvua. Zimebaki basi 2.6, ambazo ni kilomita 6,500, na kwa matembezi yako ya Jumapili hiyo ni miaka sita na zaidi. Hesabu ya kilomita inakupa miaka sita; hesabu ya umri haikupi hata siku moja.

Pima katikati na pembeni pia. Tairi la nyuma ndilo linalosukuma na kubeba, hivyo huwahi kuisha, na safari ndefu za barabara iliyonyooka hulifanya bapa katikati, kiasi kwamba pikipiki husita kabla ya kulala kwenye kona.

La mbele lipitishe kiganja mzunguko mzima upande mmoja, kisha urudi kinyume. Kama upande mmoja ni laini na wa pili unakwaruza kama meno ya msumeno, umepata chanzo cha mvumo. Kuchakaa huko hutokana na breki, na huzidi upepo ukiwa pungufu, shokapu zikiwa zimechoka au beringi za usukani zikiwa zimelegea. Yarekebishe hayo kwanza, la sivyo tairi jipya litavuma vilevile. Pima upepo asubuhi kabla ya kuondoka, na uangalie mdomo wa tyubu: ukiwa umeinama, tairi limezunguka juu ya ringi kwa kukosa upepo, na tyubu inaweza kuchanika hapo.

Saizi zako ni 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Dukani soma tarehe kabla ya kutoa fedha, nunua na tyubu mpya, na kilomita mia za mwanzo uende taratibu kwa sababu tairi jipya huteleza. Hilo la zamani usimpe kijana wa bodaboda, maana naye ataziona kashata na kulifunga. Likate.