Kazi baada ya mafunzo ya kuunda programu: nyumbani au Ujerumani?
Dada uliyeuliza kama mafunzo ya mwaka mmoja ya kuunda programu yatakupatia kazi hapa Dar es Salaam au Ujerumani, nakushauri uanzie hapa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika kwetu mwaka 2008, benki, SACCOS na wafanyabiashara wamehitaji watu wa kuunganisha mifumo yao na malipo ya simu, na kazi hiyo humfaa anayeelewa kwa nini muamala hukwama katikati, fedha zikiwa zimetoka kwa mteja lakini hazijamfikia muuzaji. Mtu wa namna hiyo mimi namthamini kuliko mwenye vyeti vitano.

Kuhusu Ujerumani, tangu Novemba 2023 mtaalamu wa tehama asiye na shahada anaweza kuomba Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi huko, mradi awe na mkataba wa kazi wenye mshahara wa kiwango kilichowekwa, na uzoefu wa miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 7 iliyopita. Miaka hiyo 3 utaipatia hapa.

Kufanyia kampuni ya nje kazi ukiwa nyumbani kunawezekana pia, ila wanaoanza ndio huathirika kwanza: mwaka 2019 kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwaandaa vijana Nairobi na Kampala kuunda programu kwa kampuni za nje, iliwapunguza mamia ya wachanga kwa sababu wateja walitaka wazoefu.