Sayari ya Tanzanite iko motoni, mbona gesi yake haiishi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni fundi wa mawe hapa Arusha. Juzi kijana wangu alinisomea kwamba kuna sayari inaitwa Tanzanite, nikadhani ananitania. Anasema ni gesi tupu, kubwa kuliko Mshtarii, na imeisogelea nyota yake mpaka mwaka wake haufiki hata siku tatu. Sasa sisi jiwe la tanzanite tunalichoma kwenye tanuri kwa nyuzi 500 hadi 600 ili litoke kwenye kahawia liwe bluu, na ukizembea na moto linapasuka. Hilo ni jiwe. Gesi inawezaje kukaa kwenye moto kama ule? Kwa nini haijapaa yote ikaisha? Na je, naweza kuiona?

JIBU: Salama, fundi. Kijana hakukutania. Nyota yenyewe inaitwa Mpingo, na majina yote mawili yalitoka Tanzania mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotimiza miaka 100 na kuziachia nchi mbalimbali nafasi ya kuzipa majina nyota na sayari. Wataalamu kwenye kazi zao bado wanaandika WASP-71 na WASP-71b. Jiwe lenu halimo humo, ni jina tu. Kilichomo zaidi ni haidrojeni na heliamu, kama Mshtarii.

Moto wake kweli si mchezo. Kutoka sayari hadi nyota ni kilomita milioni 7 hivi, wakati sisi na Jua tumeachana kwa milioni 150. Ukinyoosha mkono, ncha ya kidole cha mwisho inatosha kulificha Jua letu lote. Mtu anayeelea juu ya mawingu ya Tanzanite angehitaji ngumi mbili na nusu kuuziba upana wa Mpingo. Joto la pale linakadiriwa kuwa karibu nyuzi 1,800, yaani mara tatu ya tanuri lako.

Sasa fikiria sufuria ya maji uliyoisahau jikoni. Unarudi, kavu. Yale maji yametoka kwenye sufuria, lakini hayajatoka duniani. Yamo hewani, na siku moja yatamnyeshea mtu. Hapo ndipo wengi tunapoteleza, tukidhani kitu kikishakuwa gesi basi kimekuwa huru. Hewa unayovuta sasa hivi ni gesi, haina kifuniko juu yake, na haijaenda popote kwa sababu Dunia inaivuta.

Ili gesi iiage sayari moja kwa moja, chembe zake lazima zikimbie kushinda kitu tunachokiita kasi ya kuponyoka. Hapa kwetu ni kilomita 11 kwa sekunde. Tanzanite ina uzito wa zaidi ya mara 2 ya Mshtarii, na Mshtarii peke yake ina uzito wa Dunia 318, kwa hiyo kasi ya kuponyoka kule inafika kilomita 70 na ushee kwa sekunde. Joto nalo kazi yake ni kuzikimbiza chembe. Nimepiga hesabu ya molekuli ya haidrojeni kwenye nyuzi 1,800, nikapata kama kilomita 5 kwa sekunde. Tano kwa sabini, fundi. Inaruka, inarudi.

Joto lile linachoweza ni kuiumua. Waliogundua sayari hii waliikuta na kipenyo cha karibu mara moja na nusu ya Mshtarii, imevimba kama andazi. Uzito inao, lakini haikushindiliwa kama Mshtarii.

Hata hivyo hujakosea kabisa. Juu kule gesi inakoishia wembamba, miale ya urujuanimno na eksirei kutoka kwenye nyota huipasha hadi maelfu ya nyuzi, na hapo inaanza kuvuja kama upepo. Hili limepimwa kwenye sayari nyingine ya aina hii, HD 209458b, iliyo umbali wa karibu miaka 160 ya mwendo wa mwanga. Mwaka 2003 kundi la wanaastronomia lililoongozwa na Alfred Vidal-Madjar wa Ufaransa lilitumia darubini ya Hubble likaona haidrojeni ikiikimbia, na wakakadiria angalau tani 10,000 kila sekunde. Hayo ni malori zaidi ya 300 ya tani 30, kila sekunde moja. Lakini gawanya uzito wa sayari ile kwa tani hizo: unapata miaka trilioni 4. Ulimwengu wote una miaka bilioni 13.8 tu. Wanaoumizwa na uvujaji huu ni sayari ndogo, zisizo na uvutano wa kutosha kuzuia mali yao.

Kwa hiyo mimi nisingeihofia Tanzanite kukauka. Ningehofia kumezwa. Mfano upo: WASP-12b, sayari nyingine kubwa ya gesi, huizunguka nyota yake kwa saa 26 hivi, na kila mwaka muda huo unapungua kwa sekunde 0.029. Sayari inaivuta nyota na kuinua juu yake kitu kama maji kujaa kwa bahari yetu. Kwa kuwa nyota inajizungusha polepole kuliko sayari inavyokimbia, uvimbe ule unabaki nyuma na kuivuta sayari irudi. Imebakiza kama miaka milioni 3, ambayo kwa mambo ya anga ni kesho asubuhi. Mpingo nayo ni nyota iliyokwisha kuanza uzee, imevimba hadi zaidi ya mara 2 ya upana wa Jua, na bado itaendelea kutanuka hadi ipapite pale Tanzanite ilipo.

Kuiona? Sayari yenyewe hapana, hata hao wagunduzi hawakuiona. Mradi wa kusaka sayari uitwao WASP, uliozipa sayari hizi herufi zake, ulikuwa na kamera zake kwenye kisiwa cha La Palma, Uhispania, na Sutherland, Afrika Kusini, zikipiga picha nyota nyingi kwa pamoja. Mpingo ikaonekana inafifia kwa chini ya nusu ya asilimia moja kila baada ya siku 2.9, sayari inapokatiza mbele yake.

Nyota utaiona. Katikati ya Novemba, kati ya saa nne na saa tano usiku, kundinyota la Nyangumi linakuwa karibu na utosi hapo Arusha, mvua za vuli zikikupa nafasi. Kwa macho matupu haionekani. Tafuta darubini ya kipenyo cha inchi 4 au zaidi pamoja na ramani nzuri ya nyota, na usitegemee bluu: ni kitone cheupe kati ya vitone vingine.