Utando, kiwambo au ukuta wa seli?

SWALI: Ninafasiri makala ya biolojia kuhusu seli za binadamu. Nimeandika: "Umbo la ukuta wa seli huathiri protini zinazotoa ishara za ukuaji." Mwenzangu anashikilia kwamba badala ya ukuta niandike kiwambo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako amekaribia zaidi, ila mimi ningeandika utando.

Ukuta uondoe. Mimea, kuvu na bakteria wengi wana ukuta wa seli, nao uko nje ya utando. Seli za binadamu hazina ukuta.

Kiwambo kimetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa kwenye ngoma mpaka ikakaza. Ndiyo maana kiwambo cha sikio hakina ubishi. Utando umetokana na kutanda: ni kitu chembamba kilichoenea juu ya kingine, wala si lazima kikazwe. Utando wa seli, wenye unene wa takriban nanometa 5 hadi 10, haukai umenyooka. Hapa umebinuka, pale umebonyea na kufanya vishimo vyenye upana wa nanometa 50 hadi 100. Makala yako inahusu hasa umbo hilo. Protini za jamii ya BAR, ambazo zenyewe zimepinda, hupendelea kujishikiza mahali ambapo utando umepinda kwa kiasi kinachozifaa. Za jamii ya Ras hukusanyika au kutawanyika kufuatana na mpindo huo, na mkusanyiko wao huathiri nguvu ya ishara. Wanaoandika kiwambo cha seli siwaiti wakosaji, lakini katika makala hii neno hilo linapwaya.

Mimi kilichonisumbua zaidi ni hiyo "zinazotoa ishara". Ras haianzishi ishara. Kichocheo cha ukuaji hufika kutoka nje, kipokezi kilicho kwenye utando hukinasa, ndipo Ras huipokea ishara na kuipeleka ndani zaidi. Basi andika zinazopitisha.

Ukuaji nao uangalie. Seli ikiongezeka ukubwa, imekua. Moja ikiwa mbili, imegawanyika. Kama makala inakusudia yote mawili, yataje: "Umbo la utando wa seli huathiri protini zinazopitisha ishara za kukua na kugawanyika kwa seli." Na ukihitaji wingi, ni tando za seli, hayo "mautando" ninayokutana nayo siku hizi sijui yametoka wapi.