Jozi, seti na chotara: kuandika habari za kromosomu za mimea

Swali: Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mwongozaji wa wageni katika bustani ya mimea hapa Nairobi, na nimepewa kazi ya kuandika kibao cha maelezo kitakachosimikwa karibu na miti ya kahawa. Nimeandika hivi: "Mbuni wa arabika ni chotara aliyefanyiwa mageuzi baada ya kromosomu za miti miwili kuchanganywa, na sasa ana jozi 22 za kromosomu." Mwenzangu ameikataa sentensi yote. Anasema chotara ni neno la kudharau watu, mageuzi ni neno la wanasiasa, na jozi halifai kwa mimea. Nani kati yetu amesema sawa? Na je, sentensi hiyo ikisharekebishwa, ninaweza kuitumia pia katika kibao cha mimea mikubwa ya Mlima Kenya, ile ya jenasi ya Dendrosenecio?

Jibu: Mwenzako ameona mengi, ila kosa lililo kubwa kuliko yote limempita, nalo limo katika vitenzi. Unaposema kwamba kromosomu "zilichanganywa" na kwamba mmea "ulifanyiwa" jambo fulani, umetumia kauli ya kutendwa, na kauli hiyo humfanya msomaji amtafute mtenda hata pale ambapo hukumtaja. Mgeni atakayesimama mbele ya kibao chako atadhani kuna mtaalamu aliyeketi maabarani akauunda mti wa arabika, ilhali mti huo ulitokea wenyewe mwituni, na hadi leo huota bila kupandwa na mtu katika misitu ya nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Ethiopia.

Wazazi wa arabika wanajulikana. Mmoja alikuwa wa spishi ya Coffea canephora, ambayo wakulima huiita robusta, na mwingine wa Coffea eugenioides, mbuni mdogo wa mwituni ambao unapatikana katika Afrika Mashariki, Kenya ya magharibi ikiwa ni sehemu mojawapo. Huyu wa pili ndiye aliyekuwa mama, yaani ndiye aliyepokea chavua na kubeba mbegu. Kila mmoja wa wazazi hao ana kromosomu 22, yaani nyuzi zinazobeba urithi, katika seli zake za kawaida, na seli za uzazi huchukua nusu yake, 11. Kwa hesabu ya kawaida mtoto angekuwa na 11 kutoka kwa mama na 11 kutoka kwa baba, jumla 22. Arabika, hata hivyo, ina 44. Katika kukutana huko idadi iliongezeka maradufu, na hilo ndilo jambo ambalo kibao chako kinapaswa kulisema kwa maneno yasiyopotosha.

Neno "maradufu" ninalipendekeza kwa makusudi. Waandishi wengi wa sayansi hukimbilia "kujirudufu", nalo ni neno zuri, lakini limekwisha kupata kazi nyingine: kila seli inayojiandaa kugawanyika hujirudufia kromosomu zake, kisha nakala hizo hugawanywa kati ya seli mbili, na mwishoni idadi hubaki ileile iliyokuwapo. Ukiandika kwamba kromosomu za mbuni "zilijirudufu", mwanafunzi wa biolojia atauliza ajabu iko wapi, kwa kuwa hilo hutokea kila siku katika ncha ya kila mzizi. Ajabu ni kwamba safari hii nakala hazikugawanywa, zikabaki pamoja, na idadi ikaongezeka maradufu. Kitenzi hiki cha pili ndicho kinachobeba habari.

Faida yake kwa mmea si ndogo. Mtoto wa spishi mbili tofauti mara nyingi huwa tasa, kwa sababu kromosomu za upande wa mama hazipati wenzi wa kulingana nazo upande wa baba wakati wa kutengeneza chavua na mayai, na mgawanyo huvurugika. Idadi ikiongezeka maradufu, kila kromosomu humpata mwenzake aliye sawa naye, mmea huacha kuwa tasa, na kwa kuwa idadi yake sasa ni tofauti na ya wazazi wote wawili, hauzaani nao kwa urahisi tena. Spishi mpya imepatikana katika muda wa kizazi kimoja au viwili. Mtaalamu wa Denmark, Øjvind Winge, alilitoa wazo hili mwaka 1917, na miaka iliyofuata ililithibitisha.

Uthibitisho mmojawapo unafaa sana kwa somo letu la vitenzi. Katika miaka ya 1920, mwanasayansi wa Urusi, Georgii Karpechenko, alichavusha figili kwa kabichi. Zote mbili zina kromosomu 18. Watoto waliopatikana walikuwa na 18 vilevile, tisa za huku na tisa za huku, na karibu wote walikuwa tasa. Hata hivyo mbegu chache zilipatikana, na mimea iliyoota kutokana nazo ikawa na kromosomu 36 na kuzaa vizuri. Katika kisa hiki utahitaji kauli zote mbili: figili na kabichi "zilichavushwa", kwa kuwa mtenda yupo na jina lake tunalo, lakini idadi ya kromosomu "iliongezeka" maradufu, kwa kuwa hakuna aliyeiongeza. Ungeweza kusema "iliongezwa" iwapo ungekuwa unazungumzia kazi iliyofanywa kuanzia mwaka 1937, wakati ilipogunduliwa kwamba dawa ya kolkisini huzuia nakala za kromosomu zisitengane, na wakuza mbegu wakaanza kuongeza idadi kwa hiari yao wenyewe. Inasemekana lengo la kuoanisha figili na kabichi lilikuwa kupata mmea wenye majani ya kabichi juu na kiazi cha figili chini. Uliopatikana haukufaa kwa upande wowote.

Sasa tugeukie mageuzi. Mwenzako anadai ni neno la wanasiasa, na kwa Mkenya aliyekuwa na masikio katika miaka ya 1990, wakati wa madai ya vyama vingi, ni kweli kwamba neno hilo lina harufu ya majukwaa. Hiyo lakini si sababu ya kulikataa, kwani maneno mengi yana kazi mbili. Sababu yangu ni ya kisarufi. "Mageuzi" huzaliwa na geua au geuza, kama vile "mapinduzi" yanavyozaliwa na pindua. Ni kazi ya mtu anayekigeuza kitu. Kitu kinapogeuka chenyewe, nomino inayokifaa ni "mageuko", kama vile udongo unapomomonyoka tunavyopata "mmomonyoko". Najua "mageuzi ya viumbe" limeenea katika maandishi na halitaondoka kwa amri yangu. Ila katika kibao chenye sentensi mbili tu, ambamo hoja yenyewe ni kwamba hakuna aliyeufanya mti huo, ningeandika "mageuko", au ningelikwepa neno kabisa na kusema tu kwamba spishi "ilitokea".

Kuhusu jozi, hapa mwenzako ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo inahitaji maelezo marefu kidogo. Tumezoea kusema kwamba binadamu ana kromosomu 46 katika jozi 23, na kwa binadamu usemi huo unatosha, kwa kuwa tuna seti mbili tu, moja ya mama na moja ya baba. Jozi ni viwili vinavyokwenda pamoja, kama viatu. Arabika nayo, inapotengeneza chavua, hupanga kromosomu zake 44 wawili wawili, hivyo ukihesabu wakati huo utaona jozi 22 kweli, na kwa maana hiyo sentensi yako haikusema uongo. Tatizo ni kwamba imeficha jambo ambalo kibao kinakusudia kulionyesha. Ukisema jozi 22, msomaji haoni tofauti yoyote kati ya arabika na mmea wa kawaida wenye seti mbili za kromosomu 22. Ukisema seti nne za kromosomu 11, seti mbili kutoka kwa kila mzazi, historia nzima ya mti imo ndani ya hesabu. Jozi hueleza jinsi kromosomu zinavyopangana leo, na seti hueleza zilikotoka.

Kuna mimea ambayo kwayo neno jozi huanguka kabisa. Mgomba wa mwituni wa Musa acuminata una kromosomu 22, seti mbili za 11, na ndizi zake zimejaa mbegu ngumu. Migomba inayotupatia matoke yanayoshushwa Marikiti kila alfajiri ina kromosomu 33, seti tatu. Huwezi kupanga tatu tatu ukapata wawili wawili, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mmea huo kushindwa kutengeneza mbegu, na ya mkulima kuupanda kwa machipukizi. Kuandika kwamba mgomba huo una "jozi 16 na nusu" kungekuwa kichekesho. Viazi vitamu vina kromosomu 90, seti sita za 15. Ngano inayotoa unga wa chapati ina 42, seti sita za saba, kwa kuwa imebeba nasaba za spishi tatu za nyasi. Wataalamu huiita mimea ya namna hii poliploidi, na neno hilo lipo kwa anayelihitaji. Katika kibao cha bustani, "mmea wenye seti nne" unaeleweka na kila aliyepita shule ya msingi. Kromosomu yenyewe, nikumbushe kwa kupita, ni nomino ya ngeli ya I-ZI: kromosomu hii inaonekana, kromosomu hizi zinaonekana, wala hapana haja ya "makromosomu".

Chotara si tusi kwa mmea. Kwa watu, ni kweli, neno hilo limewahi kutumiwa kwa dharau na linahitaji uangalifu, na anayetaka kuliepuka ana "mahuluti", neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu kuchanganyika. Mimi nina pingamizi jingine: neno lako halionyeshi ni machotara wa namna gani. Mkulima wa Kenya akisikia chotara, au haibridi kama wengi wanavyosema, huwaza mahindi. Mahindi ya H611, yaliyotolewa Kitale mwaka 1964, yalipatikana kwa kuchavusha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ekuador. Pande zote mbili zina kromosomu 20, na mtoto ana 20. Ni chotara ndani ya spishi moja, hakuna spishi mpya iliyozaliwa, na ukirudia kupanda punje zake msimu unaofuata mavuno hushuka. Arabika ni kinyume: wazazi wake ni spishi mbili, nayo yenyewe sasa ni spishi kamili inayozaa watoto wanaofanana nayo. Aliyekuwa chotara ni mti ule wa kwanza kabisa. Hawa wa leo tuseme "asili yao ni chotara", au "walitokana na chotara".

Na katika eneo la kahawa kuna kiumbe anayestahili jina hilo leo hii. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa wa Ruiru, ni chotara kwa maana ya mkulima, na katika ukoo wake yumo babu aliyezaliwa kwa kukutana kwa arabika na robusta katika kisiwa cha Timor, bila kuchavushwa na mtu. Ni kwa njia ya babu huyo kwamba kinga dhidi ya kutu ya majani, na sehemu ya kinga dhidi ya chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, iliingia katika mashamba yetu. Kama mna miche ya Ruiru 11 hapo bustanini, chotara liandike katika kibao chake.

Jambo dogo ambalo ninyi wawili hamkuligusa ni upatanisho. Neno chotara limekuvuta hadi ngeli ya A-WA, ukaandika "aliyefanyiwa" na "ana". Sasa mbuni ni mti, lakini mbuni pia ni ndege mrefu anayekimbia pale Mbuga ya Nairobi, na upatanisho ndio unaowatenganisha: mbuni umechanua, mbuni amekimbia. Kwa jinsi ulivyoandika, umetueleza kromosomu za ndege. Ungetaka kukwepa utata huo kwa kusema "mkahawa", ambalo ni jina sahihi la mti huo, wageni wangeanza kuulizia chai na mandazi. Baki na mbuni, ila uupe ngeli ya U-I.

Kibao cha kwanza basi kisomeke hivi: "Mbuni wa arabika ulitokea wenyewe mwituni, pale spishi mbili za mbuni zilipochavushana na idadi ya kromosomu ikaongezeka maradufu. Una kromosomu 44, ambazo ni seti nne za kromosomu 11: mbili za asili ya kila mzazi."

Kuhusu mimea ya Mlima Kenya, jibu ni hapana, na hapa sababu si sarufi. Mimea mikubwa ya Dendrosenecio ina kromosomu 100. Wingi huo ni dalili kwamba mababu zao waliongezeka seti zamani, kabla ya kuenea milimani. Lakini tangu hapo idadi haikuyumba: Mlima Kenya, Kilimanjaro, Elgon na Ruwenzori zina spishi zake tofauti, na walipohesabu watafiti walikuta 100 kila mahali. Hata lobelia wakubwa wanaoota pamoja nazo hubaki na 28 kutoka mlima hadi mlima. Spishi hizi zilitofautiana hasa kwa sababu vilele viko mbali na baridi ya juu haivuki mabonde ya joto, wala si kwa kuongezeka kwa kromosomu. Katika kibao cha pili, kwa hiyo, ondoa "maradufu", ondoa "zilipochavushana", na utumie kitenzi "kutengana": "Mimea hii ina kromosomu 100, sawa na jamaa zake wa Kilimanjaro na Elgon. Spishi zake zilitengana katika milima mbalimbali, bila idadi hiyo kubadilika."