Hita ya zamani usiiuze, ila usiisahau ukutani

Tulipofunga hita ya maji ya sola juu ya paa, hapa Arusha, fundi aliitazama ile ya umeme bafuni, tangi la lita 80, akasema, "Hii nikushushie, mama, wa vyuma chakavu watakupa chochote." Nikakataa. Julai ya Arusha naijua: mawingu yanalala juu ya Meru siku nzima, na maji ya sola yanatoka vuguvugu la kukuongezea baridi tu.

Kuibakiza nilifanya vizuri. Kuitunza ndiko kulikonishinda.

Nilizima swichi, nikaiacha na maji yake ndani miezi tisa. Mama mkwe alipokuja, nikaiwasha kwa majivuno. Bomba likatoa maji ya kahawia, yananuka yai viza. Aliniangalia tu, akaomba ndoo.

Ile harufu ina chanzo chake. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na maji ili chuma cha tangi kisiliwe. Maji yakituama, bakteria hukutana na fimbo hiyo na salfeti iliyomo majini, wakatoa gesi. Huo ni usumbufu tu. Bakteria wa kuogopwa ni legionela, anayestawi kwenye maji yaliyotulia ya nyuzi 20 hadi 45 na kuingia mapafuni kwa matone ya bafu. Nyuzi 60 zinamuua.

Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja, nikalimwaga tangi lote. Msimu wa baridi ulipoanza nikawasha swichi kabla ya kufungulia maji. Koili ya kupashia maji ikaungua hata chai yangu haijapoa.

Kwa hiyo chagua moja. Nyumba inayokaa tupu muda mrefu, limwage: zima umeme, subiri maji yapoe, funga koki ya kuingizia, fungua bomba la moto ili hewa ipite, kisha toa maji kwa chini. Siku ya kurudisha, acha bomba la moto wazi mpaka maji yatiririke bila kukohoa. Hapo ndipo uguse swichi.

Mimi sasa silimwagi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naipasha mpaka nyuzi 60, na maji hayo tunayafulia. Kwa maji yetu ya baridi inakula kama uniti nne za LUKU, na sizionei uchungu. Siku hiyohiyo nainua kidogo mkono wa vali ya usalama nione kama inatema maji. Ikiganda kwa chokaa, presha haina pa kutokea. Angalia usiungue.

Kama yako imezimwa zaidi ya mwaka, mwite fundi umeme apime koili na waya wa ethi kwanza. Pale kwenye swichi yangu nimebandika karatasi: MAJI KWANZA. Mama mkwe ndiye aliyeiandika.